Mstari wa Shingoni

Ile seti niliipata Sur, mji wa pwani kusini mashariki ya Maskati, kwa mtu mwenye duka la vipuri vya magari, baada ya kuisaka kwenye mtandao kwa karibu miaka miwili. Kadi mia na ishirini za wachezaji wa mpira, zile zilizokuwa zikitoka ndani ya pakiti za chingamu nilipokuwa skuli Ibra, mwanzoni mwa miaka ya tisini. Alizitoa chini ya kaunta, kila moja ndani ya mfuko wake wa plastiki, akazipanga juu ya kioo taratibu.

"Tazama mwenyewe," akaniambia kwa Kiswahili alichokipata kwa bibi yake. "Wallahi hamna hata mkwaruzo."

Mimi ni mtu wa kuudhi katika mambo haya, na wenzangu wa kukusanya kadi wanalijua hilo. Kadi ikiwa na pembe iliyokunjika siitaki. Ikiwa na alama ya kalamu sitaki hata kuletewa picha yake. Basi nikazikagua zote, moja moja, na nilichokuwa nikikikagua zaidi ni shingo. Yule bwana akaangua kicheko.

"Unatafuta nini shingoni, sheikh wangu? Hawa wachezaji, si kuku."

Nikalipa, nikatia gari moto nikarudi Ibra, na njia nzima kile kicheko chake kilikuwa kikinikera, kwa sababu alikuwa amesema kweli bila ya kujua.

Seti yangu ya kwanza ilikuwa ya baba. Alikuwa dereva, kazi yake Maskati, na kila Jumatano jioni alirudi nyumbani na pakiti mbili tatu za chingamu mfuko wa shati. Chingamu yenyewe ilikuwa ngumu na utamu wake ukiisha kabla hujaketi. Lakini kabla ya kunipa, baba alikuwa akiiweka pakiti sikioni, akaitikisa, akafumba macho. "Huyu," anasema, "huyu ana masharubu." Nikifungua, hana masharubu. Kila wiki hana masharubu, na kila wiki tukicheka kama jambo jipya. Nilifika kadi tisini na tatu. Nilizitia kwenye kopo la biskuti na nilikuwa nikizihesabu kila siku baada ya skuli, kana kwamba zingezaana.

Hayo nayakumbuka. Nakumbuka mkono wake, ukucha wa kidole gumba uliokuwa mweusi kwa kubanwa na mlango wa lori. Nakumbuka kikohozi chake cha asubuhi na namna alivyokuwa akivua ndala, moja akiirusha huku, moja kule, mama akisonya. Uso siukumbuki. Nasema hivi waziwazi kwa kuwa nimechoka kujidanganya: nikifumba macho naona masharubu ya wachezaji wa mpira, na baba yangu simwoni.

Na hapakuwa na picha ya kunisaidia. Wazee wangu waliondoka Bujumbura na mabegi mawili, na picha moja tu ya baba, aliyopigwa studio kabla ya kuoa: kasimama kwa suti, mkono mmoja juu ya mgongo wa kiti. Mama alikuwa akiiweka kwenye saraka, kaifunga kwa leso. Pasi na bataka yake, yaani kitambulisho cha uraia, zilirudishwa serikalini alipofariki, kama ilivyo sharti. Nilipokuja kupata kazi ofisi ya serikali niliomba kuliona faili lake la zamani. Mahali pa picha palikuwa na matundu mawili ya pini na doa la kutu. Wala usinambie nijitazame kwenye kioo, maana mimi nimefanana na wajomba zangu, kila mtu anasema.

Nilikuwa na miaka kumi baba alipougua ini. Walimlaza Maskati wiki tatu, kisha wakamrudisha nyumbani, na hata mtoto alielewa maana ya kurudishwa. Alitandikiwa chumba cha mbele ili wageni wamwone. Shangazi yangu, dada yake baba, akaja kutoka Mudhaibi kumsaidia mama. Mwanamke mwenye mapenzi, lakini sauti yake ilikuwa haijui kunong'ona. Siku ya pili tu akaliona kopo langu.

"Picha hizi? Nyumba ina mgonjwa, na nyinyi mnaweka picha? Malaika wa rehema hawaingii nyumba yenye picha. Ndugu yangu yuko pale anasubiri rehema, mlango mmeufunga nyinyi!"

Hakuwa akisema na mimi hasa, alikuwa akisema na nyumba nzima. Mama akaendelea kukamua kitambaa cha maji. Lakini mimi niliyabeba yale maneno mazima mazima. Mimi ndiye niliyefunga mlango. Nilikwenda bafuni nikalia huku nimeuma mkono wa kanzu ili nisisikike.

Kuzichoma sikuweza, maana alikuwa kaninunulia yeye. Nikakumbuka tulichokuwa tukifanya skuli. Darasani kwetu mtoto akichora mtu au mnyama kwenye daftari, wenzake humwambia akate shingo: unapiga mstari kwa rula pale kichwa kinapokutana na mwili, basi, si kiumbe tena, ni mchoro tu. Ilikuwa desturi yetu kama kupiga mstari chini ya tarehe. Hatukuona ajabu. Vitabu vyetu vyote vilikuwa vimejaa watoto na ng'ombe waliokatwa shingo kwa wino wa buluu.

Alasiri ile, baba kalala upande wa pili wa ukuta, nilichukua rula yake ya chuma na kalamu, nikakaa chini nikazimaliza zote tisini na tatu. Nilikuwa mtoto nadhifu. Kila mstari ulinyooka, kila mmoja mahali pake. Na nilipomaliza nikajiuliza kama nyumba haikubaki na picha nyingine, kwa sababu malaika hawatakuja kuingia nusu. Nikaikumbuka saraka ya mama.

Ile nikaikandamiza zaidi kuliko zote, mara mbili, mara tatu, mpaka ile karatasi ngumu ya studio ikapasuka ngozi, kwa sababu huyu ndiye aliyekuwa na haja ya rehema. Nikaifunga tena kwa leso. Kisha nikaenda kusimama mlangoni kwa baba kutazama kama kuna mabadiliko. Alifumbua macho, akanipungia vidole. Nilifurahi, nikaamini wameingia.

Alifariki keshokutwa yake, baada ya sala ya alfajiri. Nilipoona sanda inafungwa, kitu nilichokiona kichwani kilikuwa ule mstari. Nilijua kwa yakini kwamba mimi ndiye niliyemkata. Leo nina umri wa kujua kwamba lilikuwa ini, naweza kukueleza hata jina la ugonjwa wenyewe, na bado sijajua kitu cha kuifanyia ile yakini ya mtoto wa miaka kumi. Haizeeki.

Mama akakaa eda, miezi minne na siku kumi, chumba cha ndani. Alipotoka, kopo halikuwepo, na saraka haikuwa na leso. Sikuuliza. Kuuliza picha iko wapi ni kuulizwa nani aliiharibu. Nikanyamaza mwaka, miwili, nikamaliza skuli, nikapata kazi, nikaoa, nimenyamaza. Tulipomhamisha mama kwenda nyumba mpya nilibeba kila kasha mwenyewe nikitazama, ila la nguo zake sikulifungua, na sikuona kitu. Nilianza kukusanya kadi nilipokata tamaa ya kopo. Mke wangu huniuliza raha yake iko wapi, kuwatazama wanaume wasionijua. Namjibu ni mchezo tu.

Siku ile ya kutoka Sur nilipitia kwa mama. Sijui kwa nini nilizichukua zile kadi ndani, labda nilikuwa nataka jambo lifike mwisho.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Umekula?"

Nikazitandaza mbele yake juu ya mkeka. Macho yake yalikuwa yameanza kufifia, akazisogeza karibu na pua, moja baada ya nyingine.

"Hizi si zile za chingamu? Umenunua tena ya nini, na zako ninazo?"

Akanyanyuka kwa kushika ukuta, akafungua kasha lake la nguo, akafukua chini ya kanga za zamani, akatoka na kopo la biskuti. Lilikuwa dogo kuliko nilivyolikumbuka. Kifuniko kikanishinda, akanifungulia yeye. Miaka yote ile lilikuwa mle, na mimi nilikuwa nikibusu mkono wake kila Ijumaa hatua tatu kutoka hapo.

Nikazitoa. Kadi mbovu zilizokatwa shingo, ndivyo nilivyoziona. Zilikuwa tisini na tatu. Chini kabisa, leso. Ndani ya leso baba alikuwa amesimama kwa suti, mkono juu ya kiti, kifungo kimoja cha koti kimefungwa vibaya. Juu ya kola hapakuwa na kitu. Ilikuwa imekatwa kwa mkasi, sawasawa, juu ya mstari wangu.

"Kichwa kiko wapi?" Nilisema kwa sauti ya shangazi.

"Nilikichoma." Aliketi akavuta pumzi. "Shangazi yako, Allah amrehemu, alisema eda na picha haviwi pamoja nyumba moja. Alitaka kuitia motoni yote, na mimi sikuwa na nguvu ya kubishana. Nikaifungua leso nimuage. Nikauona ule mstari. Nikasema, ah, kumbe mtoto ameshanionyesha. Kichwa kikitoka, kilichobaki si haramu, naruhusiwa kuwa nacho. Nikachukua mkasi."

"Ulijua ni mimi?"

"Nani mwingine anayepiga mstari ukanyooka hivi?" Akaupapasa ule mkono wa suti kwa kidole, kama amezoea. "Bila yako ningechoma yote, mwanangu. Nisingebaki hata na mkono. Kila siku nakuombea kwa hilo."

Miaka yote ile nilikuwa nangoja kulaumiwa. Shukrani sikuwa nimejiandaa nayo. Nilitaka kumpigia kelele, nilitaka kumlalia mapajani, na sikufanya hata moja. Nikamuuliza jambo ambalo ningemuuliza tangu siku ya kwanza kama ningekuwa na ujasiri.

"Basi niambie tu. Alikuwaje usoni?"

Mama aliinua macho yake mabovu akanitazama, akayateremsha kwenye kadi za Sur, akachukua moja, akairudisha.

"Mimi nimeshamsahau," akasema. "Nilikuwa nangoja siku utakayoweza kumzungumzia, nikuulize wewe."

Kisha akaanza kuzirudisha kadi kwenye kopo, zangu na zile mpya pamoja, akizigonga gonga mkekani zikae sawa, na mimi sikumzuia.