Mwanaume Juu ya Paa la Akko

Akko kwa Kiborana ni nyanya, na akko yangu anaitwa Qabale. Ana miaka sitini na nane. Hapa Burat hakuna mtu mzima ambaye hajawahi kugombezwa naye, na hata askari wa kambi wakipita kwetu wanamsalimia kutoka mbali. Watu husema ana hasira. Mimi naishi naye tangu niache shule darasa la tano, na nimemwangalia sana. Hasira yake haiji bure. Nitaeleza ile ya mwezi wa pili, ya sola, kwa sababu huko mjini wanaihadithia vibaya. Wanasema eti mama mzee alipanda juu ya gari kutafuta sifa.

Nyumba ya Akko iko juu ya lori. Zamani ilikuwa lori ya babu, Mamo, ya kupeleka mbuzi Nairobi. Babu alipokufa ngamia waligawanywa, mbuzi wakagawanywa, shamba la Rapsu likagawanywa, kila mtu akaandikiwa chake kwa kadhi. Lori haikuandikwa. Injini ilikuwa imekufa, imewekwa juu ya mawe, na kuku wa jirani walikuwa wanataga kwa kiti cha dereva. Huqa, ndugu mdogo wa babu, alisema mbele ya watu wote, "Hicho chuma mwachieni mama, ataanikia nguo." Watu wakacheka. Akko hakucheka.

Aliuza maziwa ya ngamia miaka mitatu, akanunua injini ya mtu mwingine iliyotumika, ikafungwa, ikawaka. Kisha akaita fundi wa kuchomelea amtengenezee fremu ya chuma juu ya lori, na alisimama nyuma ya huyo fundi mpaka fundi akamwomba Akko aende akapumzike. Mbao na mabati Akko alipigilia mwenyewe, yeye na jirani yetu Istahil. Ina mlango nyuma na ngazi, madirisha mawili, kitanda, jiko la gesi, na vyombo vya maziwa vimening'inia ukutani. Mvua ikinyesha Kulamawe na ngamia wakienda huko, Akko anamwambia dereva wake, Tache, awashe, na nyumba inaenda.

"Mama yangu alihamisha nyumba na ngamia," husema. "Mimi nahamisha na Isuzu. Afadhali hii haitemi mate."

Tangu lori iwake, Huqa alianza kuikumbuka. Alikuja mara ya kwanza akasema ni gari ya ndugu yake. Akaja tena akasema anataka kuondoa hiyo kibanda ya juu aweke vyuma vya mbuzi. Mara ya tatu alisema Ijumaa baada ya swala atakuja na wazee. Lazima nieleze kwa nini Akko hakuogopa wakati huo. Kwetu nyumba ni ya mwanamke. Mume akifa, hakuna ndugu yake anayeweza kumtoa mjane kwa nyumba yake, hata awe na wazee mia. Lakini gari ni kama ng'ombe, ni mali ya mwanaume, na ndugu zake wanaweza kuiuliza. Kwa hivyo kila kitu kilikuwa kwa jambo moja. Ile ni nyumba au ni lori?

Shida ya Akko wiki hiyo haikuwa hata Huqa. Ilikuwa maziwa. Kulamawe kuna joto, na maziwa ya jioni yanaharibika kabla gari ya kuyachukua ifike asubuhi. Alitaka friji ndogo, na friji inataka sola. Umeme ndio kitu kimoja ambacho Akko anaogopa. Basi akamwita Mawira, fundi Mmeru mwenye kibanda karibu na soko.

Mawira alikuja Jumatano na friji ndogo, paneli mbili, betri, waya na drili. Akapanda juu, akaanza kupima. Akko alikuwa chini anamwambia asikanyage katikati ya mabati. Hapo ndipo Huqa alitokea, fimbo begani, kama mtu ambaye anapita tu.

"Salaam aleikum."

"Aleikum salaam," Akko akajibu bila kumwangalia.

"Huyu juu ni nani?"

"Fundi wa sola. Macho yako yako wapi?"

Huqa alicheka polepole. Mimi sipendi hicho kicheko. Ni cha mtu ambaye ameokota kitu chako na hajakuambia.

"Shemeji, kila siku unaniambia hii ni nyumba. Haya. Nyumba ya Mborana inajengwa na nani?"

Huqa hakungoja jibu.

"Si ni mwanamke? Fito anakata mwanamke, mikeka anafunga mwanamke, siku ya kuhama anabomoa mwanamke. Mwanaume akishika paa la nyumba, watu wanamcheka mpaka wajukuu. Sasa mimi naona ndevu juu ya paa." Akaelekeza fimbo kwa Mawira. "Kwa hivyo hii si nyumba. Hii ni lori na inatengenezwa na fundi. Ijumaa nitawaambia wazee hivyo tu, halafu nitakunywa maji nikae."

Akaenda zake. Akko alibaki amesimama. Nilijua anamkasirikia Huqa nusu, nusu nyingine anajikasirikia mwenyewe, kwa sababu maneno ya Huqa yalikuwa ya kweli. Kila msumari wa nyumba hiyo ulipigwa na mwanamke, halafu kwa ajili ya kuogopa waya mbili amempandisha mwanaume juu mchana, watu wote wakiona.

"Mawira! Shuka."

"Mama, sijamaliza kupima."

"Shuka kabla sijaondoa ngazi."

Mawira alishuka na drili mkononi, amenuna. "Mimi nimefunga sola mpaka Marsabit. Hakuna mtu amewahi kuniuliza kama mimi ni mwanaume."

"Sasa umeulizwa. Kesho utakuja, utakaa chini, utasema. Kupanda nitapanda mimi."

"Na ukianguka?"

"Nikianguka utasema pia."

Alhamisi asubuhi Akko alivaa suruali ya trakisuti chini ya dera, akafunga kitambaa kichwani mara mbili, akapanda. Goti lake la kushoto halikunji vizuri. Kila ngazi alikuwa anaweka mguu wa kulia, anavuta wa kushoto, anamtukana Huqa kidogo, anaenda nyingine. Istahil alipanda nyuma yake. Mawira aliketi juu ya kreti ya soda katikati ya uwanja, amekunja mikono kifuani, kama mtu aliyenyang'anywa sahani.

"Pima sentimita arobaini kutoka pembeni," akasema. "Hapo ndipo utatoboa."

Akko akagonga hapo na nyundo. Akagonga tena karibu. "Hapo hakuna chuma."

"Mama, mimi ndiye fundi."

"Na mimi nilikuwa hapa ikichomelewa. Chuma kiko hapa." Akatoboa vidole vitatu mbele, na drili ikalia ile sauti ya chuma. Baada ya hapo Mawira aliacha kumpimia Akko mahali pa kutoboa, akabaki na yale anayoyajua yeye: wainue paneli kidogo hewa ipite chini, isilale kwa mabati ikapikika; waziweke bapa, kwa sababu gari inageuka kila upande na jua halitaigeukia; kila bolti iwekwe raba na silikoni, mvua isiingie.

Watu wa boda walisimama barabarani. Mmoja akapiga kelele, "Shosho, shika breki!"

"Nitashika shingo yako!" Akko akajibu. "Nenda upeleke abiria, mama yako anangoja unga!"

Wenzake walimcheka huyo mpaka akawasha pikipiki akaenda. Lakini walikuja wengine. Siku nzima walikuja. Nilichukia zile simu zao zilizoinuliwa. Walikuwa wanampiga picha mama mzee juu ya gari, na hakuna hata mmoja aliyeuliza ni nini kimempandisha huko. Mpaka jioni paneli moja ilikuwa imeshika na Akko hakuweza kufunga vidole kushika kikombe. Alikunywa chai na viganja viwili.

Ijumaa walipanda tena. Paneli ya pili ilikuwa imefungwa bolti nne, ikabaki waya. Mawira akawaambia wafunike paneli zote na blanketi kwanza, kwa sababu paneli ikiona jua haina swichi, inatoa umeme tu. Akko akaweka blanketi mbili na juu yake mkeka, na bado aliishika ile waya nyekundu kama mtu anayeshika mkia wa nyoka. Istahil alikuwa anasoma dua. Waya zikaingia kwa kishimo, zikashuka ndani. Ndani Mawira aliruhusiwa, kama mgeni. Alikuwa amefunga betri tayari na kontrola, ile sanduku ndogo ya kuongoza chaji, akapokea waya, akapiga kelele, "Funua!"

Akko alikuwa juu anafunua blanketi wakati wazee walifika. Walikuwa wawili, na wa kusema alikuwa Mzee Boru, ambaye anaheshimiwa mpaka Kinna. Huqa alikuwa mbele yao amevaa kanzu nyeupe.

"Wazee, angalieni," akasema Huqa, "fundi mwenyewe—" Akatafuta. Mawira alikuwa ametoka mlangoni, anafuta mikono.

"Mimi niko chini, mzee," akasema Mawira. "Nimekatazwa hata ngazi."

Watu walicheka. Mzee Boru akainua uso. "Qabale, nani amefunga hizo?"

"Mikono yangu na ya Istahil. Panda uone, kama magoti yako bado ni yako."

Mzee Boru hakupanda. Alizunguka lori yote, akaangalia mlango, akachungulia kitanda na vyombo vya maziwa, akarudi. Alisema hii ni nyumba, imejengwa na mwanamke na paa limewekwa na mwanamke, na hakuna mtu wa kuichukua. Nilipumua. Kisha akaongeza, "Lakini nyumba ni ile ya juu. Injini Qabale alinunua, ni yake. Chuma cha chini na magurudumu vilikuwa vya Mamo. Hivyo ni vya ukoo."

Huqa akatabasamu. Yaani walimpa Akko nyumba, wakamwondolea miguu yake. Ngamia waende Kulamawe na yeye akae Burat kwa mawe kama kuku.

Akko alianza kushuka. Alishuka polepole sana, mguu wa kulia, kuvuta wa kushoto, na hakuna mwanaume aliyemshika mkono. Alipofika chini alimwendea Huqa mpaka karibu.

"Chukua."

"Nini?"

"Chuma chako. Kiko chini ya nyumba yangu. Kitoe."

Huqa akaangalia lori. "Tutatoa hiyo nyumba kwanza."

"Nani atatoa? Bolti za paa zimeshika fremu, fremu imeshikana na chuma chako. Hakuna kutoa bila kubomoa. Na Jumatano ulisimama hapo ulipo, ukaniambia wa kubomoa nyumba ni mwanamke. Mimi sibomoi. Mwite unayemtaka."

Huqa aligeuka kwa Istahil, ambaye alikuwa bado juu ya ngazi. Istahil akamwangalia, akaangalia pembeni, akatema mate chini.

"Nitaleta mke wangu," Huqa akasema.

"Mlete!" Sasa Akko alikuwa anapiga kelele, na wanawake wa nyumba zote za karibu walikuwa wametoka nje. "Mlete leo! Atoke kwa nyumba yake aje abomoe ya mjane, ili kesho ukifa shemeji zake wajue njia ya kubomoa yake. Mwulize kama atakuja, Huqa. Mwulize mbele ya hawa!"

Hakuna aliyecheka. Wanawake walikuwa wanamwangalia Huqa tu, mmoja mmoja. Alisema maneno mengine, kwamba haijaisha, kwamba ataenda kwa chifu. Mzee Boru hakumngoja. Alisema, "Mimi nimesema langu," akachukua fimbo yake akaenda, na yule mwenzake akamfuata. Huqa alibaki kidogo kwa kanzu yake nyeupe, halafu na yeye akaenda, kwa upande mwingine.

Mawira ndiye aliyekuwa na furaha. "Mama, umeshinda! Na kontrola inaonyesha inachaji. Angalia taa ya kijani."

"Nimeshinda nini?" Akko akamgeukia. "Kitu changu nimebaki nacho, hiyo ni kushinda? Siku mbili niko juu ya mabati na jua na magoti haya, watu wananipiga picha, ili wanaume wakubali ninalala kwangu. Na yeye alikuwa na kazi gani? Kutembea na kuongea! Na wewe, chukua drili yako, usisahau kitu chako hapa."

Mawira akachukua drili. Niliona amekasirika kidogo, lakini alirudi akamwonyesha Akko vile atapangusa paneli vumbi, asubuhi, kwa kitambaa chenye maji, jua likiwa bado chini. Akko alisikiliza yote. Hakumshukuru siku hiyo. Alimtumia lita tano za maziwa wiki iliyofuata.

Saa tisa alimwambia Tache awashe. Tache akauliza kama si afadhali angoje kesho, apumzishe hayo magoti.

"Nipumzike hapa ili arudi?" Akapanda kwa mlango wa nyuma akijivuta, akasukuma friji kwa goti lile zima mpaka ikagusa ukuta, akaifunga kamba. Kisha akafunga mlango kwa nguvu, vikombe vyote vikalia, na tukaenda Kulamawe huku akimsema Huqa mpaka barabara mbaya ikamkatiza pumzi.