Wembe wa Baba Yake Johana

"Mama Janeffer, kwani ule ugonjwa umemshika mzee mpaka ulimi?"

Jirani yangu Nyambeki aliniuliza hivyo mwaka wa 1994, tukingoja majani chai yetu yapimwe. Nikamwambia hapana. Ugonjwa ulimwachia mume wangu, mzee Kipchirchir, mkono wa kulia uliopooza na nusu ya uso isiyosikia kitu, lakini ulimi alikuwa nao. Aliongea na mimi, aliongea na ng'ombe. Ni mtoto wetu Johana tu ambaye mzee hakumsemesha, wiki ya tano sasa.

Sababu ilikuwa wembe. Mzee alikuwa na wembe wa kukunja, aliorudi nao kutoka vita vya Wazungu, na kila Jumamosi alijinyoa nao ili Jumapili aingie kanisani na uso safi. Mkono ulipokufa, Johana akasema atamnyoa yeye. Akakuta wembe umeshika kutu. Sasa, Johana kazi yake ni kupogoa chai, na hapa Ndanai hakuna anayenoa kisu cha kupogolea kumshinda. Akachukua tupa, akaunoa wembe vile anavyonoa kisu chake. Kuugusisha shavuni, ukang'oa ndevu na damu ikatoka.

"Wembe wangu umeufanya msumeno," mzee akasema, na hilo likawa neno la mwisho. Nyembe za duka akazikataa. Ndevu zikakua, na kanisani akaacha kwenda.

Johana alikonda. "Mama, akifa hivi bila kunisemesha, nitafanya nini?"

Tuliomba. Halafu nikamtuma kwa Opiyo seremala, maana Mungu hutumia hata mafundi.

Opiyo aliondoa kutu kwa jivu na mafuta ya taa, akapaka makali na mgongo wa wembe wino wa kalamu. "Haya, noa nione." Johana akanoa. Wino wa makali ukatoka, wa mgongo ukabaki vile vile.

"Umeuinua! Hii si panga, bwana. Ulaze kama mgonjwa, mgongo na makali vyote viguse jiwe."

Jioni tisa Johana alinoa, kwanza kwa jiwe la kukwaruza, kisha kwa lile laini la mafuta. Mkono ukijisahau na kuinuka, anaanza upya. Mwishowe akaupitisha kwenye mshipi wa ngozi, mgongo ukitangulia, na vinyweleo vya mkono wake vikaanguka kwa kuguswa tu.

Jumamosi hiyo mimi ndiye niliyeshika beseni. Mzee aliutazama wembe kwenye mwanga, akanigeukia mimi.

"Mwambie aanze upande unaosikia. Ule mwingine hauwezi kutoa ushahidi."

Johana akapaka povu, akavuta polepole, akavuta tena.

"Mwambie aanze basi!"

"Mzee, shavu hilo limeisha," nikasema.

Akajipapasa kwa mkono wa kushoto, juu, chini, mpaka sikioni.

"Johana," akasema.

Basi ilikuwa kama mlango umefunguliwa. Ile ndama imeachishwa? Nani alipogoa chai ya kule chini? Na mchungaji, bado anahubiri mpaka watu wanasinzia? Maswali ya wiki saba, na povu likimwingia mdomoni. Nilimshukuru Mungu pale pale nimesimama. Johana alikuwa anacheka na machozi yanamtoka, wembe umesimama hewani.

"Baba, tafadhali nyamaza kidogo. Nimefika shingoni."