Tone Moja kwa Kila Kiungo

Habari ya kifo chake niliipata Jumanne asubuhi pale Darajani, kikombe cha kahawa kikiwa bado mkononi. Dereva wa trekta la mpunga, yule mrefu wa Ng'ambo, alifariki alfajiri na angezikwa baada ya adhuhuri. Wasomaji wangu wa mjini huenda hamkumjua, maana hakupata kuandikwa gazetini. Leo pia silitaji jina lake, kwa kuwa nataka muitazame kazi yake. Pia nina jambo langu mwenyewe nililolificha miaka sita, na nitalisema humu humu.

Siku hizo, miaka sita nyuma, nilikuwa karani katika mabonde ya mpunga ya Cheju. Mashine ya kupandia hufungwa nyuma ya trekta. Gurudumu lake huzungusha mnyororo, na mnyororo huo ndio unaodondosha mbegu. Mnyororo ukikauka hukatika, na ukiloweshwa mafuta ovyo huokota mchanga ukajisaga wenyewe. Madereva wengine waliyamimina mafuta kama watu watiao tui mchuzini. Yeye kwanza aliufuta kwa kitambaa kikavu, akatega kifuu cha nazi chini yake, kisha akalizungusha gurudumu polepole kwa mkono huku akitia tone moja kwa kila kiungo, upande wa ndani, kwa kopo la mdomo mrefu. Akisha, alisubiri yaingie, akafuta tena nje mpaka ungedhani hakuna aliyeugusa. Ijumaa moja alifanya hivyo amevaa kanzu nyeupe. Nikamwuliza kama haogopi kuchafuka. "Nnakwenda msikitini, bwana karani," akanijibu. "Mafuta yakinifika mimi, basi kwenye kiungo hayakufika." Nilimkagua mbele na nyuma nikitafuta doa, nikalikosa, na nakiri kwamba niliudhika.

Masika yalipokaribia tulikuwa mbioni, kwani bonde likishajaa maji trekta haliingii. Bi mmoja wa pale Cheju akaleta kikapu cha mbegu ya mpunga aliyoachiwa na marehemu mama yake. Kila mavuno aliichagua upya, punje kwa punje, na hapakuwa na mwengine aliyekuwa nayo. Alikiacha kikapu kwetu akaenda kuswali, na dereva naye akaenda. Mimi, niliyejiona fundi kwa kutazama tu, nikasema nitawashangaza. Nikakisogeza kikapu karibu na mashine ili kumimina mbegu kuwe rahisi. Gurudumu lilikuwa limeinuliwa juu ya gogo; nikalizungusha kwa nguvu kwa mkono mmoja, na kwa mkono wa pili nikaumwagia mnyororo mafuta. Mnyororo ukayarusha yote kikapuni.

Yule Bi aliporudi alitia mkono kwenye mpunga, ukatoka mweusi. "Nani kanitilia mbegu yangu mafuta?" Nikainama nikajitia kulifuta kopo. Dereva, aliyekuwa ndiyo kwanza anafika, akanitazama mara moja tu. "Mnyororo wangu huo, Bi. Dhamana yangu mimi."

"Mbegu ya mama hiyo! Nyengine utaitoa wapi?"

Hakuwa na pa kuitoa. Tuliiosha kwa majivu tukaipanda, haikuota hata moja. Dereva akamletea mbegu kutoka shamba la kwao, Bi akaipokea kwa sababu ya njaa, lakini tangu siku hiyo hakumwamkia tena. Nilipomwuliza dereva kwa nini alinifichia, alisema, "Nlikuacha na mnyororo bila kukufunza, hilo langu. Yaliyobaki yako, utayasema mwenyewe." Hakunikumbusha hata siku moja, na mimi nikajifanya nimesahau.

Basi Jumanne ile, makaburini Mwanakwerekwe, ndugu yake alisimama kumwombea marehemu radhi, kama ilivyo ada yetu. Mzee mmoja akajibu, "Dada yangu wa Cheju kanituma. Anasema ile mbegu keshamsamehe." Watu wakaitikia amin. Mtu yule alikuwa anasamehewa kosa langu, na udongo wake haujakauka! Niliona haya ambazo sijapata kuziona. Nikasimama nikasema mbele ya wote kwamba mafuta yale niliyamwaga mimi. "Kamwambie dada yangu mwenyewe," akasema yule mzee.

Siku hizi tunaambiwa kwamba ustaarabu unatujia na mashine. Mimi nasema bila ya kusitasita kwamba mashine huja tupu, na ustaarabu ni wa mwenye kitambaa cha kufutia. Uchafu wangu niliuacha miaka sita kwenye kanzu ya mwenzangu, naye akauvaa kimya. Mwenye kumwaga na afute mwenyewe, tena siku ile ile.

Asubuhi ya pili nilikwenda Cheju. Nilimkuta yule Bi anapeta mchele, nikamwambia yote nikiwa nimesimama. Ungo ukatulia mapajani mwake. "Miaka sita," akasema, "napishana naye njiani nageuza uso." Akalia, nami nikalia. Kisha akajifuta kwa upindo wa kanga, akanyanyuka kwenda kutia udhu. Nikamwuliza kama na mimi kanisamehe.

"Wewe ngoja," akanijibu. "Mwanzo nnakwenda kumwombea yeye."

Bado nangoja, na sina la kulalamika.