Samaki Wangu na Vidonge vya Mume Wangu

Sisi watu wa Bukoba tunasingiziwa kwamba tunapenda kujisifu. Sitabishana na mtu. Naanza kwa kujisifu: hakuna mwanamke Butimba nzima anayepika sato kama mimi. Magamba namtoa mwenyewe, simwachii muuza samaki, namkaanga kidogo tu, halafu namuunga kwa nyanya na limao mpaka mchuzi unakuwa mzito. Mume wangu amemla samaki huyo kwa zaidi ya miaka arobaini na hajawahi kubakiza hata kichwa. Na ni samaki huyohuyo aliyetaka kututenganisha uzeeni.

Mume wangu ni Msukuma wa Misungwi, mkufunzi mstaafu, mtu wa taratibu. Anafunga kamba za viatu taratibu, anakunja gazeti taratibu, na ukimuuliza swali Jumatatu jibu unalipata Jumanne, tena limepangwa kwa aya. Kwa hiyo alipoanza kuwa mzito sikushtuka hata kidogo. Mkono wake wa kulia ulipoanza kutetemeka, nilimwambia apunguze kahawa ya kwetu, si kila mtu anaiweza. Mwandiko wake ulipoanza kusinyaa hadi nikawa navaa miwani kusoma orodha ya sokoni, hapo ndipo utani ulinikaukia mdomoni. Daktari alisema ni ugonjwa wa Parkinson, ule wa kutetemeka na kukakamaa. Alisema hauponi, lakini una vidonge, na mtu akivinywa inavyotakiwa anaendelea na maisha yake.

Kliniki alikuwa akienda peke yake, kwa bajaji. Nilipotaka kumsindikiza alisema yeye si mtoto wa chekechea. Alirudi na vidonge na maelezo mafupi kabisa: kimoja asubuhi, kimoja mchana, kimoja jioni. Nikamuuliza kama kuna masharti. Akasema yapo ya kawaida. Mimi nikaona basi, upande wa chakula ni wangu, na hapo sihitaji kuelekezwa na mtu.

Kwetu dawa kali hainywewi na tumbo tupu. Nimelelewa hivyo, na wanangu wote nimewalea hivyo: hata kidonge cha maumivu ya kichwa hukipati kwangu mpaka nione sahani imekwisha. Sasa dawa ya kila siku, ya ugonjwa mzito namna ile, si ndiyo inataka chakula cha maana? Asubuhi nikawa nampa chai ya maziwa, mayai mawili na kiporo cha samaki, halafu kidonge. Mchana sato na ugali, halafu kidonge. Jioni samaki tena au maharage, glasi ya mtindi, halafu kidonge. Alikuwa anakula chote bila neno, na mimi nasimama pembeni nimeshika kiuno, nimeridhika.

Dawa haikufanya kitu, au ilifanya kidogo sana. Asubuhi ilikuwa afadhali, lakini mchana baada ya kula alikuwa anaganda kwenye kochi kama gari lililoisha mafuta. Anataka kusimama, miguu haisikii. Nilikuwa namvuta mikono, yeye anahesabu moja mbili tatu, tunajaribu tena. Tulicheka mara nyingi. Mara nyingine sikucheka, nilikwenda nyuma ya nyumba nikajifanya naangalia kuku.

Ikaingia Kwaresima. Mume wangu ni Mkristo wa kutosha, lakini hajawahi kuwa mtu wa kufunga. Miaka yote Ijumaa za Kwaresima mimi nakula viazi vitamu na chai ya rangi, yeye anajikumbusha ghafla ana mtu wa kumwona Nyakato, anarudi midomo inang'aa mafuta. Mwaka huo akatangaza mwenyewe kwamba Ijumaa atakula ninachokula mimi, na kitoweo chochote hataki kukiona mezani, maziwa pia hapana. Nikamwambia mgonjwa halazimiki. Akasema amelipima jambo hilo moyoni. Nikaona uzee umeleta neema.

Ijumaa ya kwanza alikunywa kidonge cha mchana, akala viazi vyake, na saa tisa akasimama mwenyewe. Hakuna aliyemvuta. Tukatembea hadi kanisani kwenye Njia ya Msalaba, akapiga magoti na akanyanyuka. Ijumaa ya pili hivyohivyo, na ya tatu. Nani angeniambia kitu? Mimi nilikuwa na muujiza nyumbani kwangu. Niliueleza kwenye jumuiya, nikaueleza kwa muuza nyanya, nikampigia simu dada yangu Bukoba nikamweleza mara mbili. Na kila Jumamosi, kwa furaha, namshukuru Mungu kwa kumpikia mume wangu samaki mkubwa kuliko wa wiki iliyopita. Jumamosi anaganda. Mimi nasema ni uchovu wa Ijumaa.

Pasaka ilipofika nikapika kwa siku nane mfululizo. Akaganda kwa siku nane mfululizo. Nikamkalisha chini nikamuuliza, kwa upole lakini kwa kumaanisha, ametenda dhambi gani. Aliwaza sana kabla ya kujibu, na jibu lenyewe lilikuwa kwamba hakumbuki ya karibuni.

Jirani mmoja wa jumuiya akanishauri tuviache hivyo vidonge, maana havimsaidii. Mimi nilikuwa na wazo langu: nimpe viwili kwa mpigo. Nilishaviweka kwenye kisosi. Mume wangu alikitazama kisosi, akakirudisha kimoja kwenye chupa, kwa mkono ule unaotetemeka, taratibu, akasema daktari hakuandika viwili. Na kuviacha pia akakataa. Mtu aliyesahihisha mitihani maisha yake yote huwezi kumvusha maelekezo, na leo nashukuru.

Wiki hiyohiyo kifungua mimba wetu akapiga simu ya video kutoka Dar es Salaam. Alipiga mchana, saa nane, wakati mbaya kabisa. Akamwona baba yake kwenye kochi amekakamaa, uso hausogei, mate yanamtoka kidogo pembeni ya mdomo, na mimi namfuta kwa kanga. Mwanangu akaniambia nisogeze simu karibu. Kisha akasema anakuja baada ya wiki mbili kumchukua baba, akakae kwake, hospitali ziko karibu na kuna msichana wa kazi wa kumsaidia. Nikauliza, na mimi? Akasema, mama utakuja baadaye, tukishajipanga.

Utakuja baadaye. Nilimzaa mimi, nikamnyonyesha mimi, leo ananipanga kama kabati. Lakini hasira haikuwa kubwa kuliko hofu. Nyumba yake ni ndogo, wajukuu ni wanne, na nilijua "baadaye" hiyo inaweza isifike. Mume wangu alisikia yote. Hakusema kitu, siku ile wala siku iliyofuata, na siku ya tatu nikaacha kusubiri jibu.

Mwanangu alitaka karatasi za kliniki ili baba yake aendelee na matibabu huko. Hivyo ndivyo nilivyokwenda kliniki kwa mara ya kwanza, kufuata karatasi. Muuguzi, binti mdogo mwenye sauti ya chini, aliniamkia shikamoo, akanipa kiti, akasoma faili, kisha akaniuliza kidonge mzee anakinywa na nini.

Nilifurahi kuulizwa. Nikamweleza asubuhi, nikamweleza mchana, nikamweleza jioni, mpaka namna ninavyounga nyanya. Nilipofika kwenye mtindi akaweka kalamu chini. Akamgeukia mume wangu.

"Mzee, hili si tuliliongea tangu siku ya kwanza?"

Mume wangu alikuwa anasoma tangazo la chanjo za watoto wachanga lililobandikwa ukutani. Alilisoma kwa makini sana.

Binti akanieleza mimi, sasa kwa kuwa mwanafunzi mwenyewe alikuwa kwenye chanjo. Ile nguvu ya samaki, nyama, maziwa, mayai na maharage inaingia mwilini kwa mlango uleule inaopitia dawa hii. Vikifika pamoja chakula kinaziba mlango, dawa inabaki nje. Kwa hiyo kidonge kinatangulia na maji, nusu saa kabla ya kula, au kama ameshakula, kinasubiri saa nzima na zaidi. Kichefuchefu kikimpata, ale kitu kikavu kidogo, biskuti au kipande cha kiazi. Samaki asiachwe, mwili wa mzee unamhitaji, ila kwa huyu mzee wetu ahamie jioni, mbali na kidonge. Kidonge kikisahaulika kisifidiwe kwa kunywa viwili. Asiongezewe wala asipunguziwe bila daktari, na kuviacha ghafla ni hatari, mtu anaweza kukakamaa vibaya hadi kulazwa. Nikaviona tena akilini vile viwili kwenye kisosi. Akaniambia pia akitaka kusimama akae kwanza ukingoni kidogo, maana dawa inaweza kumletea kizunguzungu. Akaniagiza daftari: niandike saa ya kidonge, saa ya chakula, na saa mwili ulipofunguka, tulilete daktari aangalie.

Kumbe muujiza wangu ulikuwa viazi vitamu. Na yule mtakatifu wangu wa Kwaresima alikuwa anajua. Alijua siku zote, akatafuta njia ya kumkwepa samaki wangu mara moja kwa wiki, akajificha nyuma ya Njia ya Msalaba. Nilipanda bajaji nikiwa nimefura, sikumsemesha mpaka nyumbani, na nyumbani pia sikumsemesha. Nilipika ndizi na mchicha kimyakimya. Kidonge nilimpa na glasi ya maji, nikaiweka mezani kwa kishindo kidogo.

Haikuwa siku moja. Siku ya kwanza na ya pili sikuona kitu cha kuandika kwenye daftari. Siku ya tatu niliandika: kidonge saa saba, chakula saa saba na nusu, saa nane na dakika kumi amekwenda chooni mwenyewe. Niliisoma hiyo sentensi mara nyingi kuliko barua zake za uchumba, ambazo nazo zilikuwa na aya.

Mwanangu alifika Jumamosi saa nne asubuhi. Geti alifunguliwa na baba yake. Alisimama pale na begi lake, amesahau hata kuamkia, mpaka mzee akamkumbusha kwa kumwambia marahaba.

Shida ilikuja mchana. Mtoto wa kwanza amerudi nyumbani, utamkosesha sato? Nilimpikia sato. Nikamwekea yeye samaki mzima, na baba yake nikamwekea ndizi na mchicha. Mwanangu akatazama sahani hii, akatazama ile, akaacha kunawa. Nikaona anavyofikiri. Nikaona kabisa: mama amechoka, mama anamnyima mgonjwa. Nikamsogezea maji ya kunawa.

"Wangu ni wa jioni," mume wangu akasema, akaanza kula ndizi zake.

Alipomaliza alisogea ukingoni mwa kiti. Akatulia kidogo, kama alivyofundishwa. Mwanangu aliinuka haraka kumshika, nikamgusa mkono akae. Mzee akasimama. Mkono ulikuwa unatetemeka, sidanganyi, unatetemeka mpaka leo, na zipo siku anaganda bado. Lakini alichukua sahani yake, kijiko kikigongagonga, akaipeleka jikoni, akarudi, akaketi, akauliza habari za wajukuu. Ilikuwa saa nane.

Habari ya kumchukua haikutajwa Jumamosi, wala Jumapili. Jumatatu mwanangu alilipiga picha daftari langu, ukurasa kwa ukurasa, akanikumbatia kwa muda mrefu, akaondoka peke yake.

Tulipobaki wawili niliona sasa nina haki ya kuuliza. Nilichukua kiti nikakaa mbele yake, asipate tangazo la kusoma. Nikamwambia, mwaka mzima umekaa kwenye kochi umekauka kama gogo kwa sababu ya samaki wangu, na unajua. Ulikuwa unaniogopa mimi? Nilitaka nicheke, nikaona sauti inatetemeka kuliko mkono wake.

Kwa mara ya kwanza katika ndoa yetu hakusubiri kesho.

"Kaka yangu alikataa sahani siku mbili tu," akasema. "Shemeji akawapigia simu watoto wao. Wakaja wakamchukua, na hakuiona tena nyumba yake. Mimi nikasema, nitakula kila unachoniwekea. Ningekwambia samaki anazuia dawa, ungesikia nasusa tu. Na ningesusa samaki wako, mama, wewe ungefanya nini?"

Nilitaka kumwambia ningemuuliza kwanza, ningekwenda kliniki, ningevumilia. Lakini ananijua, na mimi najijua. Ningempigia simu mwanangu kabla sahani haijapoa.