Ijumaa za Kusoma na Anti Nekesa

Sisi tuliokulia mtaa wa Deira, Dubai, wakati wikendi ingali Ijumaa na Jumamosi, uwanja wetu ulikuwa korido ya ghorofa, maana nje palikuwa hapakanyagiki kwa jua. Tuliruka kamba mbele ya lifti, harufu ya biriani ikitoka kila mlango, mpaka mlinzi apande kutufukuza. Pale koridoni hakuna aliyenishinda kelele. Darasani nilikuwa bubu.

Nilifika darasa la nne sijui kusoma. Nikiitwa nisome, wenzangu walianza kucheka kabla sijafungua mdomo. Shule ikamwambia mama kwamba nisipobadilika nitarudia darasa. Baba alisema ni uvivu tu. Mtoto aliyehifadhi sura zote zile za Kurani chuoni atashindwaje na hadithi ya paka?

Mama akamwomba jirani yetu, Anti Nekesa, anisaidie. Kwao Kitale alikuwa mwalimu. Dubai alikuwa askari wa jengo la maduka, akilala chumba kimoja na wenzake watano. Ijumaa zamu yake ilianza alasiri, basi asubuhi alikuja kwetu.

Siku ya kwanza nilimsomea kitabu cha shule, cha Kiingereza, bila kukwama. Aligeuza kurasa mbili kwa pamoja, nami nikaendelea na ukurasa aliouruka. Nilikuwa nimekariri chote kwa kuwasikiliza wenzangu. Nikangoja anigombeze.

"Una kichwa kizuri sana," alisema taratibu. "Umechoka kujificha, sivyo?"

Nililia mpaka nikapata kwikwi.

Akakiweka kile kitabu kando. Akaniambia nimsimulie vituko vya koridoni, kwa Kiswahili chetu, naye akaviandika kwa herufi kubwa. Tukaanza na ba, be, bi, nikifunika nusu ya neno kwa kidole. Maneno yalikuwa yangu, hayakunitisha. Miezi ikapita kabla hatujagusa Kiingereza.

Siku ya kupimwa kusoma shuleni nilikwama mstari wa tatu. Kicheko kikaanza nyuma. Nikafunika nusu ya neno, nikalisoma, nikaendelea mpaka mwisho. Mwalimu alisema tu nikae.

Nilimkuta Anti kwenye ngazi, amevaa sare, basi la kampuni likimngoja chini. Nikamwonyesha kitabu, nikamwambia nimesoma. Akaketi palepale.

"Nisomee na mimi. Yote."

Dereva alipiga honi mara mbili. Anti hakuinuka mpaka nilipomaliza.

Alisharudi kwao. Koridoni siku hizi ni kimya, utadhani jengo halina watoto. Mdogo wangu wa mwisho akishindwa na neno huibonyeza simu, ikamsomea kwa sauti tamu isiyochoka. Ananicheka nikimwambia sisi tulisoma kwa kidole. Sina ugomvi na simu yake. Ila nikimwona amejikunyata peke yake, vispika masikioni, huwa natamani kwenda kuketi naye. Juzi nilikwenda, akasogea kunipa nafasi niketi.