Mzee Andongwisye na Bonde Linalozima Moto

Hapa Kinyala, ukitaka kuchelewa sokoni, pitia kwa Mzee Andongwisye. Atakushika mkono akupeleke kwenye kibonde nyuma ya migomba yake, awashe kiberiti, akishushe usawa wa magoti, kizimike. "Umeona? Ardhi yangu haitaki moto!" Kisha atakuuliza wewe sababu. Sisi majirani zake, watu wa ndizi na chai, tungejulia wapi? Tunajua tu kuwa kuku akishuka humo harudi, na kwamba mtu hainami pale.

Aliyejua alikuwa Lilian, mke wa mwanawe Erasto, na ndiye pekee ambaye mzee hakuweza kumuuliza. Kwetu Wanyakyusa baba mkwe na mke wa mwanawe hawatazamani wala hawaitani majina. Vijana wengi wameachana na mila hiyo, lakini huyu mzee, bingwa wa maneno mengi, kwa hilo alikaza. Lilian akija likizo, mzee alizungumza na mbuzi.

"Wewe mbuzi, hivi huko Dar wanafanya kazi gani?"

Lilian, nyuma ya mlango wa jiko, alimjibu mbuzi huyo huyo: yuko kwenye mtambo wa umeme wa gesi, wanajaribu kuinasa hewa ya ukaa kabla haijatoka kwenye bomba la moshi, waishindilie chini ardhini ikae huko. Mbuzi alielimika sana. Mzee alibaki na maswali kumi mapya, na mbuzi kashaondoka kwenda kula.

Mwaka huu Lilian alikuja na kipimo cha hewa cha mkononi. Hewa hiyo hiyo ya ukaa, alisema, hutoka yenyewe kwenye ardhi yetu na kutuama mabondeni, naye alitaka kuona inavyopenya, ili wajue kama watakayoizika itatulia. Nikamsindikiza. Mzee alikuwa ameahidi kubaki nyumbani. Abaki wapi, yule! Alishatangulia kujibanza kwenye migomba ili aone mambo. Tulipomtokea ghafla akakosa pa kukimbilia, na kwa kuogopa kutazamana na mkwewe akateremka kibondeni, akachuchumaa, akajifunika koti kichwani.

Mimi nilicheka. Lilian hakucheka. Kipimo kilianza kulia, akakitupa, akabana pumzi, akashuka mbio. Koti lilikuwa limeshalala upande, na mzee ndani yake. Lilian alimkamata miguu yote miwili, akamburuta hadi juu kama gunia la viazi. Niliogopa sana, nilidhani tumempoteza.

Mzee akakohoa, akafumbua macho. Lilian akageuka haraka na kujificha uso kwa kitenge.

"Nisamehe baba, nimekugusa."

"Lilian," mzee akasema. Hakuwahi kulitaja jina hilo. "Ningekufa kwa adabu, na uso wako siujui. Hebu geuka, mwanangu."

Akageuka. Wote wawili walilia, na mimi nikawasaidia.

Jioni wazee wa ukoo walifika wamenuna, kwamba mila imevunjwa. Walimkuta Andongwisye benchi moja na mkwewe, akimuuliza: hiyo hewa ina uzito gani, inazima moto vipi, huko chini mnaifungia na nini? Mmoja wao akajikohoza ili aanze kesi.

"Ngojeni kwanza," mzee akawaambia bila kugeuza shingo. "Nazungumza na mwanangu."