Picha ya Bomba Iliyonikuta Katonga

Siku wenzangu walipokijaribu kigunduzi chetu, mimi nilikuwa sokoni Katonga, ufukweni mwa ziwa, nimekaa kando ya meza ya dagaa ya mama nikimsaidia kuuza. Mama alikuwa ameteleza nyumbani Bangwe akavunjika mguu, na mimi ndiye mwanawe wa pekee. Niliomba ruhusa, nikawaachia wenzangu huko ng'ambo kazi tuliyoihangaikia kwa miaka.

Tunatengeneza chombo cha kupiga picha za ndani ya vyuma kwa nyutroni, chembe ndogo mno zinazopenya chuma. Mtambo huzitoa kwa mapigo. Zenye kasi hutangulia, za polepole hufuata, na kigunduzi lazima kijue kila moja imegonga wapi na wakati gani. Lakini kila pigo huanza na mmweko mkali wa mionzi ya gama. Mmweko huo ulikuwa unakipofusha kigunduzi chetu, na kilipozinduka, zile za mbio zilikuwa zimeshapita. Ndipo tukaunda saketi inayopata ishara ya kila pigo kutoka kwenye mtambo, ikakizima mmweko unapopita, kisha ikakiwasha mara moja. Maabarani ilifanya kazi. Kwenye mtambo wenyewe hatukujua, na nafasi ya kuutumia hugombewa. Ukiikosa, unaanza foleni upya.

"Tangu asubuhi unaikodolea macho hiyo simu," mama alisema, mguu wake wenye hogo la plasta ukiwa juu ya ndoo iliyopinduliwa. "Kuna mgonjwa mwingine?"

"Hapana, mama. Nasubiri habari za kazi."

Simu ikaita. Alikuwa mwenzangu niliyeanza naye mradi.

"Hali ni ileile," alisema kwa sauti ya kuchoka. "Za mbio hatuzioni kabisa."

Nilisimama nikasogea ukingoni mwa maji, mbali na kelele za wanunuzi. Nikamwuliza kigunduzi wamekiweka wapi. Akasema wamepewa chumba cha mwisho, mbali na mtambo, na kebo imebidi iwe ndefu sana.

"Basi ishara ya mtambo inachelewa njiani, kwenye kebo," nikamwambia. "Mmweko unafika kabla saketi haijazima. Msingoje ishara ya pigo lenyewe. Tumieni ya pigo lililotangulia, mhesabu muda hadi linalofuata."

"Ngoja tujaribu," akasema, akakata.

Nikarudi mezani. Nilipima dagaa, nikakosea, mama akaninyang'anya kopo. Alimwita muuza chakula, akaniagizia ugali wa muhogo na samaki aina ya mgebuka. Niliiweka sahani kando.

Simu ilipoita tena, mwenzangu alikuwa anacheka. "Zimo zote," alisema. "Za mbio na za polepole. Nakutumia picha."

Nilikaa chini, kwenye mchanga wenye magamba ya samaki. Mama alishtuka.

"Kumetokea nini, mwanangu?"

"Kheri, mama. Kheri tupu."

Nikamwonyesha picha. Aliisogeza karibu na macho.

"Hili ni bomba la chuma," nilisema. "Hicho cheusi ni maji yaliyobaki ndani."

"Mmelikata?"

"Hatujalikata."

Aliitazama tena, akamgeukia jirani yake wa meza, akamweleza kwa Kiha, maneno mengi kuliko niliyompa mimi. Jirani akaomba naye aone. Simu ikaanza kuzunguka mezani, inashikwa kwa mikono yenye harufu ya dagaa, nami nikavuta sahani, nikala mgebuka wote.